Milima ya Uluguru kwa Skeli

Uundaji wa reli za mfano ni kazi ya mikono inayofanywa kwa mapenzi, nje ya ajira, ambayo kwayo mtu hukijenga upya kipande cha reli halisi kwa umbo dogo, pamoja na vichwa vya treni, mabehewa, stesheni, madaraja, miti na watu wanaokizunguka, kwa sharti kwamba kila kitu kipunguzwe kwa uwiano mmoja na kifanane na kitu kilichokuwepo mahali fulani katika mwaka fulani. Uwiano, mahali na mwaka ndivyo vinavyoitenganisha kazi hii na kichezeo cha dukani, na ndivyo vinavyoifanya istahili kujadiliwa Mlali, kata ya Wilaya ya Mvomero iliyo chini ya mteremko wa magharibi wa milima ya Uluguru, ingawa reli haipiti huko. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba nusu ya ufundi huo tayari imo mikononi mwa watoto na mafundi wa kata kama hiyo, na kwamba nusu iliyobaki, yaani kipimo cha pamoja na kundi la watu wa kukifuata, haidai fedha nyingi, bali inadai watu wazima wasioona haya kuketi mezani na kopo tupu, koleo na rula.

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Njia yake iliizunguka milima kwa upande wa kaskazini, kisha ikaelekea magharibi kupitia mbuga ya Mkata hadi Kilosa, na kwa hiyo Mlali ikabaki pembeni, mazao yake ya bustani pamoja na yale ya Mgeta yakiteremka kwa barabara kupitia Mzumbe na Sangasanga. Mara moja tu vita vya kuigombea reli hiyo viliifikia Mlali yenyewe, nayo ni Agosti 1916, wakati majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yalipopambana huko na Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma kuelekea kusini. Tangu Juni 2024, treni za umeme za reli mpya ya SGR zinafika Morogoro, na ile yenye pua ndefu, ambayo abiria wameizoea kwa jina la mchongoko, imekuwa sura ya zama hizi. Mji wa Morogoro kwa hiyo una reli mbili za vizazi viwili vilivyoachana kwa zaidi ya karne moja, na zote bado zinaonekana kwa macho. Kwa muundaji wa mifano, hali kama hiyo ni neema ambayo wenzake katika nchi nyingi waliipoteza zamani, kwa kuwa walianza kupima baada ya vyuma kung'olewa.

Skeli, kama ijulikanavyo kwa wanafunzi wa Jiografia wanaosoma ramani, ni uwiano kati ya urefu wa kitu katika mfano na urefu wake halisi. Skeli inayotumiwa zaidi duniani katika reli za mfano ni 1:87, ambapo mtu mwenye urefu wa sentimita 174 anabaki na sentimita 2. Geji, yaani upana kati ya pande za ndani za vyuma viwili vya njia, nayo hupunguzwa kwa uwiano uleule: SGR yenye milimita 1,435 inakuwa milimita 16.5, na reli ya zamani yenye mita 1 inakuwa milimita 11.5, ambazo kwa desturi waundaji huzifanya 12. Hesabu hii ikipelekwa mbele kidogo huanza kuleta mashaka. Njia ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, yenye kilomita 205 hivi, ingehitaji zaidi ya kilomita 2 za mezani, na kilele cha Kimhandu, kirefu kuliko vyote vya Uluguru kwa mita zinazopita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kingesimama kiasi cha mita 30, juu kuliko paa la nyumba yoyote ya Mlali. Hakuna muundaji anayeweza kuutii uwiano kwa kila kitu. Anautii katika kichwa cha treni, ambako macho hukagua kwa karibu, na anaukiuka katika mlima, ambako macho huridhika na umbo, rangi na ukungu uliopakwa ukutani. Ustadi wa kazi hii kwa sehemu kubwa ni ustadi wa kujua mahali pa kudanganya, jambo ambalo wapenzi wake hawapendi sana kulikiri.

Jumuiya ya watu wa kazi hii ilizaliwa na makubaliano ya vipimo kabla haijazaliwa na mapenzi ya treni. Kiwanda cha Märklin cha Ujerumani kilipotangaza geji zilizopangwa katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1891, kwa mara ya kwanza behewa lililonunuliwa leo liliweza kupita juu ya njia iliyonunuliwa miaka mitatu baadaye, na watu wawili wasiojuana waliweza kuunganisha walichokuwa nacho. Chama cha waundaji cha London kilianzishwa mwaka 1910. Marekani baadaye ilimtoa John Allen, mkazi wa Monterey, California, aliyewafundisha wenzake kwamba treni safi inayong'aa ni treni ya uongo, kwa kuwa treni ya kweli ina masizi, kutu, mafuta yaliyovuja na vumbi la njiani. Kazi yake iliteketea kwa moto mwaka 1973, siku chache baada ya kifo chake, lakini kanuni ya kuchakaza, yaani kukipaka kitu kipya uzee unaokistahili, imebaki kila mahali, pamoja na Hamburg, ambako tangu mwaka 2001 kuna maonyesho makubwa kuliko yote ya aina hii duniani.

Uluguru imekwishaingia katika dunia hiyo, ingawa kwa mlango ambao wenyeji wachache wanaujua. Kati ya mwaka 1955 na 1956, kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kililiundia Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki vichwa 34 vya mvuke vya daraja la 59, vya aina ya Garratt. Garratt ni kichwa ambacho tangi lake la kuchemshia maji linaning'inia katikati ya mikokoteni miwili yenye magurudumu na mitambo yake, kila mmoja ukigeuka peke yake, hivi kwamba mashine ndefu na nzito hupita katika kona kali bila kuielemea njia mahali pamoja. Vichwa vya daraja la 59 vilikuwa na urefu unaokaribia mita 32 na uzito wa tani 252, na hakuna vichwa vya mvuke vya reli ya mita 1 vilivyovizidi nguvu. Vyote vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki: namba 5926 ilibeba jina la Kimhandu na namba 5931 jina la milima ya Uluguru. Kazi kubwa ya vichwa hivyo ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi, kwa hiyo jina la Uluguru lilipita Voi na Makindu kwa miaka mingi huku likiwa halisikiki chini ya milima yenyewe. Viwili tu vilinusurika, navyo vimo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi yaliyofunguliwa mwaka 1971: 5918 yenye jina la Gelai na 5930 yenye jina la Shengena, milima ambayo yote iko Tanzania. Kimhandu na Uluguru viliishia kuwa vyuma chakavu. Anayetaka kuiona namba 5931 leo, ikiwa na rangi yake ya damu ya mzee na kibao cha jina ubavuni, hana njia nyingine isipokuwa picha za zamani na mikono ya muundaji wa mifano, na kwa skeli ya 1:87 mashine hiyo nzima ina sentimita 36 tu.

Undani, yaani kuongeza vitu vidogo vinavyokitambulisha kitu, ndio moyo wa kazi hii, na kosa la wanaoitazama kwa mbali ni kudhani kwamba undani ni mapambo. Undani ni tarehe. Mfano mzuri ni herufi zilizoandikwa ubavuni mwa behewa la mizigo la Reli ya Kati. Kuanzia mwaka 1948 lilikuwa la shirika la pamoja la reli na bandari la Afrika Mashariki. Mwaka 1969 bandari zikatengwa na reli zikabaki na shirika lake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na herufi zikawa TRC, za Shirika la Reli Tanzania. Mwaka 2007 uendeshaji ukakabidhiwa kampuni ya TRL, iliyokuwa na mbia kutoka India. Na sheria ya mwaka 2017 ikarudisha Shirika la Reli Tanzania. Muundaji anayeandika TRC juu ya behewa, kisha akaliweka nyuma ya kichwa cha mvuke chenye nembo ya Afrika Mashariki, bila kujua ameonyesha muda wa miezi ya mpito wakati mali ya pamoja ilipokuwa ikigawanywa, na akiwa anajua, basi ameeleza habari ya kuvunjika kwa Jumuiya kwa rangi nyeupe na brashi ya nywele tatu. Vichwa vya mvuke vya daraja la 60, vya shirika hilohilo la Afrika Mashariki, vina fundisho linalofanana na hilo, kwa kuwa vilibandikwa majina ya magavana wa kikoloni na baada ya uhuru vibao hivyo vikaondolewa. Kuwepo au kutokuwepo kwa kibao cha milimita kadhaa kunaamua bendera ipi ipepee mbele ya ofisi ya mkuu wa stesheni.

Jambo hilohilo linahusu mlima wenyewe. Mtu akiuchonga mteremko wa Uluguru nyuma ya njia na kuupaka kijani, bado hajasema kitu. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko, wakulima wengi wakaichukia kazi hiyo iliyokula nguvu zao bila kuongeza mavuno waliyoyaona, na mwaka 1955 upinzani ukafikia ghasia, mpango ukaachwa. Mgeta, kwa upande mwingine, kilimo cha ngazi kimeendelea hadi leo katika bustani za mboga. Kwa hiyo matuta juu ya mfano wa mlima ni msimamo wa kihistoria: yakionyeshwa katika mteremko wa mashariki kwa mwaka 1960 yatazua swali, na yakikosekana Mgeta kwa mwaka 2024 yatazua jingine. Wazee wa Uluguru ni mashahidi ambao chama cha London hakiwezi kuwapata, na kikundi cha waundaji kilichoko Mlali kingewafikia kwa kutembea kwa miguu.

Suala la vifaa hutajwa mara nyingi kuwa kizuizi, na kwa anayefikiria kununua kila kitu dukani ng'ambo ni kizuizi kweli, kwa sababu njia ya milimita 12 ni bidhaa ya wachache hata huko Ulaya. Lakini mazingira ya Morogoro yametangulia kutoa majibu. Waundaji wa nchi za baridi hununua kamba za katani, huzikata na kuzitia rangi ili zifanane na nyasi ndefu. Morogoro ni mkoa wa mkonge, na singa zake zinapatikana bila kungoja meli. Unga wa mbao uliotiwa rangi, ambao kwa miongo mingi ulikuwa ndio majani na nyasi za mifano duniani, unafagiliwa na kutupwa katika kila karakana ya seremala. Dodoki kavu hukatwa likawa vichaka, mchanga wa mtoni uliochekechwa huwa kokoto za tuta, vipande vya mianzi vilivyochongwa huwa mataruma, yaani magogo yanayolalia chini ya vyuma vya njia, na ulanga, madini yaliyochimbwa Uluguru tangu wakati wa Wajerumani, hubanduka katika tabaka nyembamba zinazopitisha mwanga zinazoweza kuwa vioo vya madirisha. Mbao nyembamba za masanduku ya nyanya zinatosha kwa kuta za stesheni. Kinachobaki cha kununua ni gundi, rangi, risasi ya kulehemu na mota ndogo, na hizo mota hutolewa katika redio za kaseti zilizokufa.

Mkonge una jambo jingine la kutoa. Mashamba yake makubwa yalikuwa na reli nyembamba za kubebea majani kutoka shambani hadi kwenye mashine ya kuyakamua, zenye mabehewa mafupi, kona kali na vyuma vyepesi vilivyoweza kuhamishwa. Katika vyama vya nchi nyingi, reli za mashambani na migodini ndizo zinazopendekezwa kwa wanaoanza, kwa sababu zinaenea juu ya meza moja na hazidai udanganyifu mkubwa wa umbali. Ni ajabu kwamba mtu wa Uingereza hujenga reli ya shamba la kubuni ili apate kisingizio cha kona kali, na mkoa wenye mashamba ya kweli haujapewa hata ubao mmoja wa mfano.

Pingamizi lililo zito kuliko la fedha ni lile linaloiita kazi hii mambo ya kitoto. Ukweli ni kwamba Mlali, kama sehemu nyingi za Tanzania, watoto hutengeneza magari ya waya na makopo, yenye magurudumu ya kandambili zilizochakaa na usukani mrefu unaomwezesha mtoto kuliendesha akiwa amesimama, na mtoto anayeunganisha usukani huo na ekseli ya mbele ukageuza magurudumu mawili kwa pamoja ameshaelewa jambo ambalo mkusanyaji wa treni za bei ghali huenda hajawahi kulifikiri. Gari la waya linatafuta mwendo na reli ya mfano inatafuta kipimo. Hiyo ndiyo tofauti kati ya viwili hivyo, wala umri haumo. Kuhusu umri, utamaduni wa Waluguru wenyewe unalo jibu, kwa sababu mwana hiti, sanamu dogo la mti linalojulikana kwa Waluguru, Wakwere na Wazaramo, halikuwa kichezeo bali lilitumika katika unyago wa wasichana, chini ya wanawake waliojua kila umbo lilisimamia nini. Kitu kidogo kinachobeba mambo makubwa, kikishikwa na watu wazima kwa makini, si kigeni Uluguru. Inaweza kuongezwa kwamba ufinyanzi wa milima hiyo ni kazi ya wanawake, na kikundi cha waundaji kitakachowaachia wavulana wa magari ya waya peke yao kitakuwa kimewanyima nafasi watu wanaoelewa udongo kuliko wote.

Kinachowageuza watu wanaotengeneza vitu kuwa jumuiya ni kile kinachoitwa moduli: ubao mmoja wenye kipande cha reli, uliojengwa na mtu mmoja nyumbani kwake kwa hiari yake yote, isipokuwa ncha zake mbili, ambazo urefu wake kutoka sakafuni, mahali pa njia na waya za umeme hufuata kipimo kilichokubaliwa. Siku ya kukutana, mbao ishirini za watu ishirini huunganishwa na treni ikapita kote. Mtu anabaki huru katikati na anawajibika pembeni. Wapo waliotoka na mengi kutoka chini ya mbao hizo: katika chuo cha MIT cha Marekani, chama cha reli za mfano kilichoanzishwa mwaka 1946 kilikuwa na wanafunzi waliovutiwa zaidi na swichi za simu zilizoongoza treni kuliko treni zenyewe, na baadhi yao wakawa miongoni mwa waandishi wa kwanza mahiri wa programu za kompyuta. Haisemwi kwamba Mlali itatoa kompyuta. Inasemwa tu kwamba katika mji wa Morogoro, wenye karakana ya vichwa vya dizeli, chuo cha ufundi cha VETA Kihonda na vyuo vikuu, wanaojua kulehemu na kufuata mkondo wa umeme hawakosekani, ila hawana meza inayowakutanisha na mtoto wa gari la waya.

Moduli pia hufundisha mambo ambayo ramani huyaficha. Kati ya Kilosa na Gulwe, wajenzi wa Reli ya Kati waliufuata mto Mkondoa kwa sababu bonde lilikuwa na mteremko mpole ambao vichwa vya mvuke vingeweza kuupanda, na vizazi vilivyofuata vimelipa gharama kwa mafuriko, kama yale ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliyofagia matuta na kusimamisha safari. Wajenzi wa SGR, wenye umeme na mitambo ya kutoboa milima, walitumia mahandaki na madaraja. Anayelazimika kuuchonga ukingo wa Mkondoa kwa mikono, akatafuta mahali pa kuiweka njia kati ya maji na jabali, huiona shida ya mhandisi wa zamani kwa namna ambayo lawama za magazetini hazikuwahi kuionyesha.

Inabaki skeli ya kuanzia, na hapa desturi ya dunia haifai kufuatwa. Skeli ya 1:87 inadai zana ndogo, macho makali na duka. Skeli ya 1:20 haiuzwi sana, na hiyo ni faida: mita 1 inakuwa sentimita 5, hesabu ambayo mtoto wa darasa la tano huifanya kichwani, reli ya mita 1 inakuwa na geji ya milimita 50, reli ya shamba yenye milimita 600 inakuwa na milimita 30, na mtu mzima ana sentimita 8 na nusu, kimo kinachofinyangika kwa udongo na kuvalishwa kitambaa. Kopo la mafuta ya kula linaweza kukatwa likatoa ubavu wa behewa, na waya wa gari la mtoto ni unene unaofaa kwa ngazi na vishikio. Mbao za kwanza zingekuwa za shamba la mkonge, kisha stesheni moja ya Reli ya Kati iliyopimwa kwa futi ya kamba, paa, baraza, tangi la maji na mwembe wa uani vikiwemo, kabla mtu yeyote hajapanga kuifanyia ukarabati. Mchongoko ungengoja: seti yake ina mabehewa manane, na kila behewa likikadiriwa kuwa na mita 25, kwa skeli hiyo lina mita 1.25, kwa hiyo treni nzima ingekuwa na mita 10 hivi na ingehitaji ukumbi wa shule, ruhusa ya mwalimu mkuu na likizo ya mwezi wa sita.